Jinsi ya kumfuatilia Ava Gardner kupitia muvi zake (na kwanini usianze na ndoa zake)

Ukiandika jina la Ava Gardner, mwigizaji wa zamani wa Hollywood, kwenye gugo unakutana na mapicha kwanza, alafu ndoa tatu, Mickey Rooney, Artie Shaw, Frank Sinatra, alafu ugomvi wake na Sinatra, alafu mapicha tena. Mtu anaangalia dakika tano anasema aah kumbe alikuwa mrembo kweli, anafunga, anaendelea na mambo yake. Sasa hapa nataka nikupe njia nyingine ya kumjua huyu mama, njia ya kupitia kazi zake zenyewe, kwasababu karibu kila kitu cha maisha yake kimo humo ndani, na ukifuata mpangilio huu utamaliza ukiwa umemjua yeye na umejua pia Hollywood ya miaka ya 40 na 50 ilikuwa inaendeshwaje, maana ile ilikuwa biashara ya ajabu sana.

Kuna kitu kimoja uende nacho kichwani. Ava mwenyewe alikuwa anasema kila mahali kwamba hajui kuigiza, alisema akiwa binti na akasema akiwa mtu mzima, na waandishi wakalibeba hilo neno kama lilivyo mpaka leo unalikuta. Usimwamini. Yaani angalia kwanza hata tatu kati ya hizi nitakazotaja alafu ndo uamue mwenyewe.

Maandalizi kidogo

Hizi sio muvi za kutafsiriwa na ma-DJ wetu, hamna mtu aliyekaa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye muvi ya 1946, kwahiyo washa maandishi ya chini ya Kiingereza hata kama Kiingereza chako kiko vizuri, wale watu wa miaka ya 40 wanaongea haraka mno na nusu ya utamu upo kwenye majibizano. Kingine, usiangalie muvi ya nyeusi na nyeupe kwenye simu mchana kweupe ukiwa kwenye daladala. Watu wengi wanaosema muvi za zamani zinaboa kumbe hawajaziona, zile zimepigwa kwa mchezo wa giza na mwanga, ukiwa juani unachokiona ni kioo cheusi na uso wako mwenyewe. Subiri usiku, zima taa, tumia TV au hata laptop. Na ukikuta imepakwa rangi za kompyuta achana nayo, tafuta ile ya asili.

Kuhusu kuzipata, muvi zake nyingi alizofanyia studio ya MGM leo zipo mikononi mwa Warner Bros, kwahiyo angalia zaidi kwenye huduma zenye mzigo wa Warner, ila The Killers ni ya Universal usiitafute kule. The Snows of Kilimanjaro ya 1952 haki miliki yake kule Marekani haikuhuishwa, ndo maana unaikuta bure kihalali kwenye maktaba za mtandaoni. Bando lako litakushukuru.

Anza na Mogambo

Najua wataalamu watasema anza na ya kwanza kabisa uende kwa mpangilio wa miaka, mimi nasema hapana, ukifanya hivyo utachoka kabla hujafika popote maana miaka yake mitano ya mwanzo alikuwa anapita tu kwenye muvi za wengine, mara ni mdada amesimama kwenye sherehe, mara anafungua mlango, mara nyingi jina lake hata halitokei. Sisi tuna sababu yetu ya kuanza na Mogambo ya 1953, nayo ni kwamba imepigwa hapa kwetu, Kenya, Tanganyika na Uganda, na kambi kubwa kabisa ya watengenezaji ilikuwa pembeni ya mto Kagera. Ndugu zangu wa Bukoba na Karagwe mnaijua hiyo mandhari.

Mwongozaji ni John Ford, mwanaume mkuu ni Clark Gable, na mdada mwingine ni Grace Kelly ambaye bado hajawa binti mfalme wa Monaco. Hadithi yenyewe sio mpya, ni marudio ya Red Dust ya 1932 ambayo Gable huyohuyo alicheza akiwa kijana, miaka 20 baadae karudi kucheza jamaa yuleyule na nywele zimeshaanza mvi. Ava anaitwa Kelly, mdada wa mjini amekuja porini kukutana na tajiri mmoja wa Kihindi, kufika jamaa ameshaondoka zake, basi amekwama kambini kwa mwindaji mpaka boti ijayo.

Angalia mara mbili. Mara ya kwanza mwangalie Ava peke yake, hasa akiwa na wanyama. Kuna mahali anatembea na mtoto wa tembo, tembo anamsukuma, mama wa watu anaenda chini kwenye tope na kamera haikusimamishwa, na yeye hatoki kwenye uhusika, anagombana na yule tembo kama anagombana na konda aliyempitisha kituo. Huwezi kumfundisha mtu kitu kama hicho. Alafu mlinganishe na pale Grace Kelly anapoanza kumchukua Gable, Ava hana maneno mengi, anakaa, anasikiliza, anatupa utani mmoja mkavu, lakini uso unakuambia kabisa kwamba ameumia na hataki mtu ajue. Hiyo ndo kazi yake kubwa, kusikiliza. Waigizaji wengi wanasubiri tu zamu yao ya kuongea.

Mara ya pili angalia kilicho nyuma yao. Waafrika wengi humo hawana majina, wanapiga makasia, wanabeba mizigo, wanacheza ngoma, basi. Na uangalie tarehe. Hali ya hatari Kenya ilitangazwa 20 Oktoba 1952 kwasababu ya Mau Mau, Kenyatta akakamatwa, kesi ya Kapenguria ikaanza kusikilizwa, na ni miezi hiyohiyo ndo Hollywood wako na mahema yao, mapishi yao, ndege zao, wanapiga muvi ya mapenzi. Kwenye muvi hutaona hata kivuli cha hayo mambo. Muziki ndo kitu cha kushangaza kidogo, Ford hakuweka okestra kama ilivyokuwa kawaida, karibu muziki wote unaosikia ni ngoma na nyimbo za wenyeji zilizorekodiwa hukuhuku. Na wale magorila walipigwa na kikosi kingine kule Kongo ya Wafaransa, kwahiyo jipe kazi ndogo, tafuta kama kuna hata sehemu moja Gable na gorila wapo kwenye fremu moja.

Kwenye mto Kagera ndo Ava alifikishia miaka 30, mkesha wa Krismasi 1952, Sinatra akiwa ameshampa talaka mke wake wa kwanza na kumuoa Ava mwaka mmoja nyuma, na kazi za Sinatra wakati huo zilikuwa zimelala kabisa, mke ndo staa, mume anamfuata lokesheni. Sinatra aliondoka katikati kwenda Marekani kujaribiwa kwa ajili ya From Here to Eternity. Matokeo yake ni kwamba Machi 1954 kwenye Oscar, Sinatra alipata yake kwa hiyo muvi, na Ava aliyekuwa ameteuliwa kwa Mogambo akakosa, ikaenda kwa Audrey Hepburn. Ndo uteuzi pekee wa Oscar aliowahi kupata maisha yake yote.

Hii nyingine ni kichekesho tu, Hispania ya dikteta Franco wasimamizi wa maadili hawakutaka mke wa mtu aonekane anachepuka, kwahiyo kwenye sauti za Kihispania wakambadilisha Grace Kelly na mume wake wakawa kaka na dada. Sasa watazamaji wanaona kaka na dada wanalala chumba kimoja. Wamekimbia dhambi moja wakaingia kwenye kubwa zaidi.

Ukimaliza hapo rudi nyuma ujue ametoka wapi

Hapa ndo pa kusoma kidogo kabla ya muvi inayofuata. Alizaliwa 24 Desemba 1922 Grabtown, kijiji karibu na mji wa Smithfield, North Carolina, kitinda mimba katika watoto saba wa mkulima wa tumbaku. Hali ilikuwa ngumu, wakapoteza mali, mama akawa anapika na kuendesha nyumba ya kulala walimu. Baba alifariki 1938 Ava akiwa binti mdogo. Akaenda chuo kusoma ukatibu muhtasi, yaani maisha yake yalikuwa yanaelekea kuchapa barua ofisini.

Kilichobadilisha ni picha. Dada yake mkubwa Bappie alikuwa New York ameolewa na mpiga picha, shemeji akampiga Ava picha akaitundika dirishani kwenye studio yake Fifth Avenue, mtu wa kampuni ya Loew's, wenye MGM, akaiona, na mwaka 1941 binti akafanyiwa majaribio. Inasimuliwa kwamba waliyatuma California bila sauti kwasababu lafudhi yake ya kusini ilikuwa nzito hawakutaka wakubwa waisikie. Akapewa mkataba wa miaka saba, dola 50 kwa wiki.

Huu mkataba uuelewe vizuri maana bila hivyo hutaelewa muvi zake zilivyokuwa za kubahatisha. Mkataba wa studio ulikuwa unakufunga wewe, wao haukuwafunga. Wao wanaweza kukuacha kila kipindi kinapofika cha kuuhuisha, wewe huwezi kuondoka. Ukikataa kucheza muvi wanakusimamisha bila mshahara, na kabla mahakama ya California haijaamua kesi ya Olivia de Havilland mwaka 1944, walikuwa wanaongeza siku ulizosimamishwa mwisho wa mkataba, kwahiyo miaka saba inaweza kuwa tisa. Wanaweza kukukopesha kwa studio nyingine kwa bei kubwa alafu wewe wanakulipa mshahara wako uleule, chenji wanabaki nayo. Wanakufundisha kuongea, wanakuchagulia nguo, na unapotaka kuolewa unapiga hodi ofisini. Ava alipoolewa na Mickey Rooney Januari 1942, Rooney akiwa mmoja wa mastaa wakubwa wa MGM, ruhusa iliombwa kwa Louis B. Mayer, bosi wa MGM, na mtu wa matangazo wa studio akaenda nao mpaka fungate. Sio utani, alienda nao. Ndoa ilikufa 1943.

Sasa weka The Killers

Mwaka ni 1946, ndo MGM wamemkopesha kwa Universal, na kukopeshwa huko ndo kumemtoa. Kwao walikuwa naye miaka mitano hawajui wamfanyie nini, jirani akamchukua muvi moja tu akawa staa. Mwongozaji Robert Siodmak, Mjerumani aliyekimbia Ulaya, na mwanaume ni Burt Lancaster ambaye hiyo ndo muvi yake ya kwanza kabisa. Imeanzia kwenye hadithi fupi ya mwandishi Ernest Hemingway, ile hadithi inaisha ndani ya dakika kumi na kitu za mwanzo, kinachofuata chote ni cha waandishi wa muvi, mpelelezi wa bima anazunguka kuuliza watu mmoja mmoja kwanini jamaa aliuawa na hakukimbia.

Usitafute kumuona Ava mapema, hayupo. Anaanza kama jina, watu wanamtaja taja, alafu ndo unamuona kwenye sherehe pembeni ya piano, gauni jeusi la kung'aa, na Lancaster amekuja na mdada mwingine kabisa lakini shingo imeshageuka. Simamisha hapo, urudie, alafu usimwangalie Ava, mwangalie yule mdada aliyekuja na Lancaster, ameshajua imekula kwake kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

Alafu ufike mwisho. Sitakwambia yote ila Kitty, huyo ndo Ava, anapiga magoti pembeni ya mtu anayekufa kwenye ngazi anamuomba aseme kwamba yeye hana hatia, anamlazimisha amtolee ushahidi wa uongo pumzi zikiwa zinaisha, na sauti yake inapanda, inakuwa ya mtu aliyeishiwa ujanja wote, urembo wote umetoka kazini hapo, amebaki mwanamke anayeogopa jela. Mtu asiyejua kuigiza hafanyi hivyo. Muvi ilishawekwa kwenye orodha ya kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2008.

Show Boat, na hapa utumie masikio

Hii ya 1951 ni muvi ya muziki, ina rangi, Ava ni Julie, mwimbaji wa kwenye boti mto Mississippi ambaye inagundulika mama yake alikuwa mweusi, na sheria za kusini zinamfukuza kwenye kazi na kuifanya ndoa yake na mzungu iwe kosa. Kwanza ujue kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyetakiwa kuwa hapo. Lena Horne, mwimbaji mweusi aliyekuwa na mkataba na MGM haohao, alishaimba kama Julie kwenye kipande cha muvi ya 1946 inaitwa Till the Clouds Roll By, na alikuwa anaitaka hiyo nafasi. Lakini mwanamke mweusi kumpenda mzungu kwenye muvi kubwa, na sheria za maadili za Hollywood zikiwa zinakataza mapenzi ya rangi mbili, na majumba ya sinema ya kusini yatakataa kuionyesha, basi wakaona bora mzungu acheze mwanamke anayejifanya mzungu. Ava na Lena walikuwa marafiki, na walibaki marafiki.

Zamu ya masikio sasa. Sauti ya kuimba unayoisikia kwenye muvi sio ya Ava, ni ya Annette Warren, studio waliamua hivyo ingawa Ava alishajifunza na kurekodi. Lakini kwenye albamu ya nyimbo za muvi wakaweka sauti yake mwenyewe. Kwahiyo fanya hivi, sikiliza Can't Help Lovin' Dat Man ya kwenye muvi, alafu ya kwenye albamu, alafu ya Lena Horne ya 1946. Ava hana sauti kubwa, inatetemeka kidogo mahali fulani, lakini kwa mtu kama Julie ambaye maisha yanamponyoka mimi naona ndo ilifaa zaidi. Mwaka 1994 kwenye That's Entertainment! III walionyesha kipande chake akiimba kwa sauti yake, ukikipata kitazame uamue.

The Snows of Kilimanjaro ya mwaka uliofuata naiweka hapa kwa haraka, Watanzania wengi tutaitafuta kwa ajili ya jina. Nikuonye tu, mlima unaonekana kidogo, mastaa wenyewe walikuwa studio Hollywood, na hadithi nyingi ni Paris na Hispania. Ava anaitwa Cynthia, mapenzi ya zamani ya mwandishi anayeoza mguu porini, na akitoka kwenye skrini muvi inapungua nguvu. Hemingway mwenyewe, aliyeandika hadithi yake, hakuipenda, aliitania kwa jina la bosi wa studio.

The Barefoot Contessa

1954, mwongozaji Joseph L. Mankiewicz, imepigwa Italia, na tena amekopeshwa, MGM wakavuna kuliko alichopata yeye. Hii ndo inabidi uiangalie taratibu. Inaanza makaburini kwenye mvua, mwanamke ameshakufa, na wanaume waliosimama pale ndo wanasimulia maisha yake, mmoja baada ya mwingine, Humphrey Bogart akiwa mkuu wao. Yeye mwenyewe hapewi zamu ya kusimulia hata mara moja. Mcheza dansi maskini wa Madrid, anachukuliwa, anafanywa staa, kila mwanaume anamwona anavyotaka.

Kipande cha kukirudia ni cha kilabu cha usiku mwanzoni, ndo mara ya kwanza anacheza dansi, na wewe mtazamaji huonyeshwi. Kamera inazunguka kwenye nyuso za watu wanaomwangalia, mzee, mhudumu, mume na mke mezani, unasikia muziki na viatu, yeye humwoni. Mankiewicz alijua anachofanya. Ukishaona hapo rudia kufikiria yale mapicha ya gugo.

Na Edmond O'Brien, yule mpelelezi wa bima kwenye The Killers, yumo humu pia, ni mtu wa matangazo anayetokwa jasho muda wote, na alipata Oscar kwa hiyo kazi. Ile sanamu ya Ava ya makaburini Sinatra aliinunua akaiweka kwenye bustani yake, wakati ndoa ndo inavunjika. Walitalikiana 1957.

Baada ya hapo alihama Marekani, 1955 akawa mkazi wa Hispania. Kama una muda ongeza Bhowani Junction ya 1956, George Cukor, imepigwa Lahore, Pakistan, Ava ni chotara wa Kihindi na Kiingereza siku Waingereza wanafungasha kuondoka India, hajui ni wa upande upi. Studio waliikatakata baada ya kuionyesha kwa majaribio na makovu yanaonekana, lakini umati wa stesheni ya treni wa kweli, maelfu ya watu, leo wangefanya kwa kompyuta.

Jinsi ya kutokudanganywa

Huyu mama ameongezewa maneno kuliko mtu yeyote, na ukiandika post kuhusu yeye utaingia mkenge kama hujui. Mfano mzuri ni On the Beach ya 1959, yeye, Gregory Peck na Fred Astaire, dunia imekwisha kwa mabomu ya nyuklia na waliobaki wapo Melbourne wanasubiri moshi wa sumu uwafikie. Kila mahali utasoma kwamba Ava alisema Melbourne panafaa kabisa kutengenezea muvi ya mwisho wa dunia. Hakusema. Mwandishi wa gazeti la Sydney aliitunga kama utani kwenye makala yake, ikachapishwa kama kauli yake, na yeye mwandishi akaja kukiri baadae. Lakini imeshaganda, Waaustralia wenyewe wanairudia. Kwahiyo ukikuta kauli tamu sana ya Ava, uliza nani aliiandika kwanza na lini, kama huoni, iache.

Kwa maneno yake mwenyewe kuna vitabu viwili na usome vyote. Kimoja ni Ava: My Story, kilitoka 1990 baada ya kifo chake. Kingine ni cha Peter Evans, alianza kukaa naye London 1988 anarekodi maongezi, wakapigana chini kwasababu Ava aligundua Sinatra aliwahi kumshtaki huyo mwandishi, na kitabu kikakaa mpaka 2013. Hiki cha pili ana mdomo mchafu na anachekesha, anasema wazi kwamba ni ama aandike kitabu ama auze vito vyake. Cha kwanza kimepigwa pasi. Kitu kikiwa kimetajwa kwenye vyote viwili kwa namna inayofanana, hapo angalau una pa kusimamia.

Malizia na The Night of the Iguana

1964, John Huston, wamepigia Mismaloya karibu na Puerto Vallarta, Mexico, wakati huo pamelala hamna barabara ya maana. Richard Burton ni mchungaji aliyefukuzwa kanisani anaongoza watalii, Deborah Kerr mchoraji mpole, na Ava ni Maxine, mjane mwenye hoteli. Waandishi walijaa kule kuliko samaki maana Burton alikuja na Elizabeth Taylor, kila mtu anasubiri ugomvi, na Huston kwa uchokozi akawagawia mastaa bastola za dhahabu kila moja na risasi zilizoandikwa majina ya wenzao. Hamna aliyepigwa.

Maxine kwenye jukwaa New York alichezwa na Bette Davis. Ava alikuwa anakaribia miaka 41, nywele amezifunga tu nyuma, shati kubwa, suruali ya kubana, anapiga kelele na watumishi, anacheka kwa sauti nzito, na lile zoezi lote la MGM la kumfundisha kuongea vizuri limetupwa, unaisikia North Carolina imerudi mdomoni. Kuna usiku anashuka baharini na wale vijana wawili wa hotelini, anajaribu kufurahi, na katikati ya maji unaona furaha imegoma. Hana neno hata moja. Kwangu hii ndo kazi yake bora kuliko zote, juu hata ya Mogambo, na kwenye Oscar hawakumteua.

Zilizobaki uchague kwa hali yako. Seven Days in May ya mwaka huohuo ni nzuri ila yeye yumo kidogo. Earthquake ya 1974 ni ya kucheka na familia, Ava anacheza mtoto wa mwigizaji Lorne Greene na huyo baba mtu kamzidi miaka saba tu, sijui alimzaa akiwa darasa la kwanza. The Sentinel usijisumbue. Miaka ya 80 alifanya tamthilia za TV kwa ajili ya kulipa bili, Knots Landing mojawapo, mwaka 1986 akapata kiharusi, na 25 Januari 1990 akafariki London alikokuwa anaishi toka 1968.

Kwa mlioko Marekani, hasa Raleigh na Durham ambako Waswahili mpo wengi, jumba la makumbusho la Ava Gardner lipo Smithfield, ukishuka barabara kuu ya I-95 ni hapohapo mjini, wana magauni, mabango ya muvi ya nchi mbalimbali na vitu vya nyumbani kwake. Alizikwa mji huohuo, Sunset Memorial Park, pamoja na wazazi wake. Angalieni masaa yao ya kufungua kabla hamjatoka.